Paja la Injini

Benchi langu liko nje ya chumba changu cha kunyolea, limeegemea ukuta niliopaka rangi ya bluu na kujuta kabla haijakauka, kwa sababu mpaka leo kila anayeketi pale huondoka na bluu mgongoni. Hilo halijawahi kumfukuza mtu. Jua likipunguza ukali wanakuja mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake, birika la kahawa linawekwa juu ya kigoda katikati, na mimi namalizia kichwa kilichobaki kitini huku sikio langu liko nje. Jioni ile ya Jumatatu sikuhitaji kutega sikio. Walikuwa wanapiga kelele kiasi kwamba mteja wangu aligeuka ghafla kuchungulia, nusura nimnyoe nyusi. Jana yake, kwenye mechi yetu ya Jumapili, mpira ulikuwa ndio kwanza umeanza winga wetu Injini akashika paja, akazunguka kama anayemtafuta aliyempiga jiwe, akaanguka. Tulifungwa tatu bila. Sasa kila mmoja alikuwa amekuja na sababu yake, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nayo nyumbani.

Timu yetu si ya vijana wa magazetini. Ni watu wazima wenye kazi zao. Jumapili tunacheza na mitaa ya jirani, Jumatatu tunachechemea kazini. Injini ni mwashi, na ndiye mwenye mbio kuliko sote. Akipewa mpira pembeni, beki wa watu anabaki kulipungia mkono vumbi. Na paja lake lilikuwa la tatu kuchanika katika timu yetu msimu huu.

— Ni nyasi, alisema Kocha.

Kocha ni fundi cherehani. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akiwa uwanjani, na akikasirika huvuta ncha zake zote mbili kama anayezuia farasi.

— Nyasi gani, Kocha? Bucha aliuliza. Uwanja ule una nyasi kwenye kona tu. Kwingine kote ni udongo mtupu.

— Basi ni udongo.

Bucha ndiye kipa wetu. Anauza nyama mtaa wa pili, ana viganja vipana kama sinia, na hajawahi kukubali kwamba kuna bao hata moja lililoingia kwa kosa lake.

— Mimi nawaambieni ni viatu, alisema. Injini amenunua njumu za mtumba. Huyo aliyezivaa kwanza tunamjua? Hatumjui. Kama alikuwa mtu wa polepole, kiatu kimeshazoea polepole. Wewe unataka kukimbia, kiatu hakitaki. Katikati yenu kuna nini? Kuna paja.

— Kwa hiyo kiatu kina kumbukumbu? niliuliza kutoka ndani.

— Wewe Wembe nyoa mtu.

— Nyote mmepotea, alisema Redio.

Redio ni dereva wa teksi. Huegesha gari mbele ya mlango wangu mchana na kuzungumza mpaka giza. Mpira hajawahi kuucheza, lakini kila mechi husimama nyuma ya goli la Bucha akitoa maelekezo ambayo Bucha hajawahi kuyaomba.

— Ule mnara wa simu nyuma ya uwanja, aliendelea, umejengwa lini?

— Mwaka jana, alisema Kocha.

— Na mapaja yameanza kuchanika lini?

Kila mtu alikuwa akirudi nyuma kichwani.

— Msimu huu, Bucha alisema kwa sauti ya chini.

— Sisemi kitu, Redio alisema, akainua kikombe kama hakimu aliyemaliza kazi. Sisemi kitu mimi.

— Hakupasha mwili, sauti ilitoka mwisho wa benchi.

Alikuwa Nesi, beki wetu wa kushoto. Anafanya kazi hospitali, wodi ya waliovunjika, na kwa mtu anayeshinda na mifupa ya wenzake ni mpole kupita kiasi. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, sare bado iko chini ya koti, macho ya mtu aliyeamshwa mara nyingi.

— Lakini kama ni mnara, Bucha alimwambia Redio, mbona haukuwachana wale wapinzani?

— Wale wanakaa karibu nao. Wameshauzoea. Ninyi mnakwenda pale mara moja kwa wiki, wageni, mawimbi yanawakuta na misuli laini.

— Jamani, hakupasha mwili, Nesi alirudia. Alikaa chini, akasimama, akakimbia kwa nguvu zake zote. Basi. Hakuna mnara wala udongo.

Kocha alishusha pumzi ndefu.

— Nesi, mdogo wangu, usianze tena. Yule mtu anabeba matofali wiki nzima. Anapanda ngazi na zege begani. Unataka kumpasha nini? Ana moto wa kuchemsha birika hili.

— Jumapili hakubeba tofali, Kocha. Jumapili alikuwa amekaa.

— Mwili haujui Jumapili.

— Mwili haujui Jumatatu wala Jumapili, ndiyo maana huwezi kuuambia jana ulikuwa unafanya kazi. Unajua tu kwamba sasa hivi umekaa, halafu mtu anautaka uruke kama chui.

Mteja wangu alicheka kitini. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili nikakirudisha mahali pake.

Ni vizuri niseme hapa kwamba Nesi hakuwa analeta jambo jipya. Mwanzoni mwa msimu, lilipochanika paja la kwanza, alituomba tumpe dakika chache kabla ya kila mechi na kila mazoezi. Tulimpa siku moja tu. Akatupanga mistari miwili, tukakimbia polepole, tukaenda ubavu ubavu, tukainua magoti, tukapiga hatua ndefu goti likikaribia ardhi, tukazungusha nyonga. Nyonga ndizo zilizotumaliza. Watoto waliokuwa wamekaa pembeni ya uwanja walianza kupiga makofi kwa mdundo, Bucha akasema ameitwa kwenye mpira si kwenye ngoma, akatoka mstarini, wengine wakamfuata. Kocha akapuliza filimbi na mambo yakaishia pale. Tangu siku hiyo Nesi hupasha peke yake nyuma ya goli, na sisi humpigia yale makofi ya watoto.

— Mimi nimecheza miaka mingi kuliko nyote hapa, Kocha alisema. Tulikuwa tunainama tunashika vidole vya miguu, tunakaa hivyo mpaka machozi yanatoka. Tunainuka, tunacheza. Hakuna paja lililochanika.

— Na goti lako la kulia liliharibikaje? Redio alimuuliza.

— Goti si paja.

— Kocha, kujinyoosha kule kwa kukaa muda mrefu ni kuzuri baadaye, mpira ukiisha, Nesi alisema. Ukikaa umeuvuta msuli hivyo muda mrefu kisha ukaambiwa ukimbie, unakuwa mlegevu. Kabla ya mechi mwili unautaka uende. Unaanza taratibu, unaongeza, mpaka jasho linatoka na pumzi inakuwa nzito kidogo. Mwisho vimbio vifupi vikali. Hapo ukiingia, miguu imeshajua ilipo.

— Na nguvu zote umezimaliza nje ya mechi, Bucha alidakia. Mimi nikiruka ruka kabla ya mechi, ndani nitarukia nini?

— Wewe ndani huruki hata hivyo, alisema Redio.

— Nani haruki?

— Bao la pili lilipita hapa. Redio alionyesha juu kidogo ya kofia yake. Ulilisindikiza kwa macho kama mgeni anayeondoka.

— Lile bao lilikuwa na upepo!

— Upepo ulikuwa unawapiga wao usoni.

— Basi ndiyo! Upepo uliugonga ule mpira ukaupandisha!

Nilijaribu kuendelea na kazi, lakini kwa hasira nilijikuta napitisha mashine palepale nilipokwisha kunyoa. Mimi ni beki wa kulia wa timu hiyohiyo. Mabao ya mwanzo tunayofungwa kila wiki yanapita upande wangu, kwa sababu mpaka miguu yangu iamke mwenzangu ameshafika kwenye kibendera cha kona. Nilikuwa nimewasikiliza Jumatatu baada ya Jumatatu wakilaumu refa, jua, mpira uliojazwa upepo mwingi, mpira uliojazwa upepo kidogo, picha ya pamoja iliyopigwa tumelipa jua mgongo. Nikachukua kopo la poda mezani nikatoka nje.

— Inatosha, nilisema. Bucha, simama.

— Nimekosa nini?

— Chovya vidole humu. Sasa simama ubavuni mwa ukuta, ruka ufikishe mkono unapofika, uguse.

— Kwa nini mimi?

— Kwa sababu wewe ndiye unayelipwa sifa kwa kuruka.

Maneno hayo yalimwingia. Akaweka kikombe chini, akachovya vidole kwenye poda, akajipanga, akaruka. Kwenye ule ukuta wa bluu ikabaki alama nyeupe ya vidole vinne. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama.

— Safi, nilisema. Sasa Nesi, mchukue. Mpashe jinsi unavyotaka, hapahapa barabarani, kisha tutamrusha tena. Tumalize ugomvi huu leo, maana mimi nimechoka, nawaambia ukweli, nimechoka.

Nesi alivua koti. Akamwangalia Kocha kama anayeomba ruhusa, na Kocha akatazama upande wa pili wa barabara. Basi wakaanza. Walikimbia taratibu mpaka duka la vifaa vya ujenzi lililo kwenye kona, wakarudi. Wakaenda ubavu ubavu, wakarudi. Bucha akiinua magoti, funguo za bucha zikilia mfukoni, mwanamke aliyekuwa akianika nguo ghorofani akaita wenzake waje waone. Mteja wangu alitoka nje na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akasimama mlangoni kama aliyelipia tiketi. Nikaona kama ninaongoza sarakasi, lakini sikurudi nyuma. Nikajiunga nao. Hatua ndefu, goti chini. Hatua ndefu, goti chini. Kisha nyonga. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, au labda walipiga na sikusikia, kwa sababu nilikuwa nahema.

— Sasa vimbio, Nesi alisema. Cha kwanza nusu ya nguvu. Kinachofuata zaidi. Cha mwisho kama unakimbiwa na basi.

Tulipomaliza, shati la Bucha lilikuwa limeshika mgongo. Alichovya vidole, akajipanga palepale, akaruka. Nilisikia kiganja kikigonga ukuta. Aliposhuka sote tukainua macho. Alama mpya ilikuwa juu ya ile ya kwanza, na kati ya hizo mbili kulikuwa na bluu ya upana wa kiganja kizima. Na kiganja ni cha Bucha, si cha mtoto.

— Haya, nilisema. Semeni.

Nilidhani nimewafunga midomo. Miaka yote hii nimekaa nao na bado najidanganya.

— Mara ya kwanza hakujitahidi, alisema Redio.

— Nilijitahidi, Bucha alisema akihema. Naapa nilijitahidi.

— Kitu kingine, Kocha alisema, akainuka kwa mara ya kwanza, akaenda ukutani akapima ile nafasi kwa tepu yake, uso umekunjamana kama anayepima suruali ya mtu mwongo. Mara ya pili mtu anakuwa ameshajua ukuta uko wapi. Ameshajifunza. Angeruka mara ya pili bila hizo mbwembwe zenu angefika hapohapo.

Nilitaka kulia. Lakini Nesi alitikisa kichwa taratibu.

— Hiyo ni hoja, Kocha. Hiyo ni hoja ya kweli. Basi mtu mwingine aruke mara mbili bila kupasha, tuone kama atapanda.

Macho yote yakamwendea Redio.

— Mimi ni mtazamaji, alisema.

— Ruka! sote tukamwambia kwa pamoja.

Redio alivua kofia, akachovya vidole, akaruka. Alama yake ilikaa chini ya ile ya kwanza ya Bucha, jambo ambalo hakuna aliyelishangaa. Akapumzika, akanywa kahawa kidogo, akaruka tena. Ikawa chini zaidi. Akasema mguu uliteleza. Akaruka mara ya tatu, akashuka ameshika kiuno, na vidole vyake vilikuwa vimegusa chini kuliko zote.

— Mnaona? nilisema. Mnaona sasa?

— Naona, Redio alisema, akirudi kukaa polepole kama aliyebeba maji. Naona ukuta huu umesimama pabaya. Barabara inateremka. Bucha aliruka kutoka upande wa juu.

— Tumeruka mahali pamoja!

— Yeye ana miguu mirefu, imefika upande wa juu.

— Na poda pia, Bucha alisema, na hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, kwa kuwa alikuwa amepima kwa mwili wake mwenyewe na bado anabisha. Poda ikikaa mkononi inashika jasho. Mara ya pili nilikuwa na jasho, kwa hiyo alama imetambaa juu.

— Imetambaa juu? niliuliza. Jasho linatambaa kwenda juu?

— Mimi nasema tu.

— Bucha, umeruka wewe. Si mimi. Miguu yako ilikuambia nini?

Akajikuna shingo. Kwa mara ya kwanza jioni ile alionekana mtu anayefikiri.

— Ilikuwa myepesi, alisema. Siwezi kudanganya. Ilikuwa myepesi kama ya mtu mwingine.

— Basi!

— Lakini bila upepo ningefika wapi?

Nilirudi ndani nikakaa kwenye kiti cha mteja. Mteja mwenyewe alikuwa bado mlangoni na nusu kichwa chake, hata hakukumbuka kwamba kuna nusu nyingine ya kunyolewa. Nje walikuwa wameshahamia kwenye godoro la Injini: Redio alidai mtu akilalia godoro lenye bonde, paja moja linarefuka usiku na kulizidi jingine, kisha asubuhi likitakiwa kukimbia sawa na mwenzake linagoma. Kocha, ambaye kwa kawaida hukataa kila kitu cha Redio, alisema hilo lina maana.

Hapo ndipo Mama Pacha alipofika.

Mama Pacha ni mke wa Injini. Sote twamwita shemeji. Si mtu wa kuja kijiweni, na ukimwona amekuja, unaangalia kwanza kama umekaa vizuri. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi na kanga imefungwa haraka haraka, na alipita katikati ya watu waliosimama barabarani wakitucheka bila kuuliza wanacheka nini.

— Hamjambo shemeji zangu.

— Hatujambo, karibu shemeji, karibu ukae. Bucha akampisha nafasi. Angalia rangi tu.

— Sikai. Nimewaacha watoto na baba yao, na baba yao hawezi kuinuka kuwazuia.

— Anaendeleaje? Kocha aliuliza, akiangalia kikombe chake.

— Wamempiga picha leo hospitali. Msuli wa nyuma ya paja umechanika, si kidogo. Ni wiki kadhaa, na akiharakisha ni miezi. Kwenda chooni namshika mimi. Msimamizi wa ujenzi alipita nyumbani mchana. Wako ghorofa ya pili, kazi haiwezi kusimama. Ameshamweka mwashi mwingine. Alisema kwa heshima, simlaumu. Alikunywa maji, akamwombea afya njema, akaenda. Mume wangu amegeukia ukutani tangu saa hiyo.

Hakuna aliyesema mnara. Hakuna aliyesema godoro. Redio alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

— Pole sana shemeji, Kocha alisema. Mpira ndivyo ulivyo. Sisi hapa tulikuwa tunatafuta chanzo.

— Nimewasikia tangu kwenye kona. Aliangalia ukuta wangu na alama zake za poda, juu na chini, kama ukuta wa chekechea. Daktari aliniuliza kama alipasha mwili kabla ya kucheza. Nikasema sijui, nitawauliza wenzake.

— Hatukuwa na muda, Kocha alisema haraka. Unajua shemeji, mechi zetu hizi, refa anatukimbiza, mara uwanja una watu wengine, mara mpira haujafika. Muda haukuwepo.

— Mlianza saa ngapi?

— Saa tisa.

— Yeye aliondoka nyumbani kabla ya saa nane, Mama Pacha alisema. Nilimsindikiza mlangoni mwenyewe. Na uwanja ni pale ng'ambo ya shule. Hakuwa anauliza kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali tungepata pa kushika. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua tu. Sasa hiyo saa nzima mlikuwa mnafanya nini?

Nimewajua watu hawa muda mrefu. Sijawahi kuona swali likipita mbele ya benchi langu likakosa majibu manne na jingine la akiba. Redio, ambaye alikuwepo tangu mwanzo na huwa anakumbuka hata rangi ya soksi, aliinama kuangalia kama tairi la teksi yake lina upepo. Nesi alikuwa anatutazama kwa zamu, kwa sababu yeye Jumapili ile alitoka kazini akafika mechi ikikaribia kuanza, hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeinuka kitini, nimesimama mlangoni na kopo la poda mkononi, nikajua vizuri sana, nikanyamaza.

Mwishowe Kocha ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

— Tulikuwa tunagombania jezi.

— Jezi?

— Jezi mpya zilifika. Kila mtu alitaka namba kumi. Mimi nikasema apewe fulani, wengine wakakataa, mmoja akatishia kurudi nyumbani. Tukakaa chini kivulini tukabishana mpaka refa akatuita.

— Saa nzima?

— Saa nzima, shemeji.

Mama Pacha aliingiza mkono kwenye ule mfuko, akatoa jezi iliyokunjwa vizuri, akaikunjua mbele yetu. Mgongoni ilikuwa na namba kumi. Ubavuni, pale alipoangukia, kulikuwa na doa la udongo mwekundu lililofifia.

— Nimeifua mara mbili, alisema. Hili halikutoka. Aliniambia niirudishe, ni mali ya timu, isije ikakosekana. Akaiweka juu ya kigoda, pembeni mwa birika. Jumapili ataivaa nani?

Alisubiri kidogo, nadhani kwa sababu kweli alitaka kumpelekea mumewe jibu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu waliokaribia kupigana juu ya kitambaa kile waliketi wakikitazama kama sahani ya moto.

— Haya. Nawatakieni jioni njema, alisema, akaanza kuondoka.

— Shemeji, Kocha alimwita. Mwambie Injini pole. Mwambie nitapita.

Akageuka.

— Mwambie mwenyewe, Kocha. Mlango hatuufungi, yeye yuko macho, na mimi nimechoka kupeleka salamu.

Tukamsikiliza akiondoka mpaka malapa yake yakapotea kwenye kelele za barabara. Bucha alishika birika akalitikisa. Lilikuwa tupu. Kocha aliichukua ile jezi, akaikunja mikunjo ya kifundi, bega kwa bega, akaiweka kwapani. Alisimama. Alivua tepu shingoni akaitia mfukoni, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya.

— Nesi, alisema bila kumwangalia. Jumapili tufike saa ngapi, ili upate muda wa hayo mazoezi yako?

— Saa ileile tunayofika, Kocha, Nesi alisema. Saa ileile inatosha kabisa.

Kocha aliitikia kwa kichwa, akavuka barabara kuelekea upande aliokwenda Mama Pacha.